Povu Kabla ya Shampeni: Ulanzi na Msamiati wa Ukarimu wa Nyumbani katika Nyanda za Juu Kusini



Utangulizi

Katika karamu za harusi mjini Mbeya na Iringa, kama ilivyo kwingineko nchini, hufika wakati mshereheshaji anapotangaza kufunguliwa kwa shampeni. Kizibo huruka, povu humwagika, na vigelegele hufuata. Mara nyingi kilichomo chupani ni maji ya zabibu yasiyo na kileo, na hayakutoka katika jimbo la Champagne nchini Ufaransa. Jina, hata hivyo, halibadiliki. Wafaransa wamelilinda jina hilo kwa sheria na mikataba tangu karne ya 19. Kiswahili kimelichukua na kulipa maana yake chenyewe, yaani kinywaji kinachofunguliwa kwa kishindo mbele ya mashahidi.

Mhadhara huu unahusu kinywaji kingine chenye povu, ambacho kilikuwa kikiandaliwa majumbani katika nyanda hizi kabla chupa ya shampeni haijafika sebuleni. Kinywaji hicho ni ulanzi. Hoja yangu ni kwamba ulanzi una msamiati wake wa kupimia utamu na ukali, na kwamba msamiati huo ni sehemu ya ukarimu wenyewe. Tukiupoteza, mwenyeji hatakuwa tena na njia ya kumwambia mgeni wake ukweli kuhusu kilichomo kikombeni.

Neno na mmea

Ulanzi hugemwa kutoka katika mianzi ya jenasi ya Oxytenanthera, inayopandwa kando ya mashamba na mabondeni katika wilaya kama Iringa, Kilolo na Mufindi, na pia Njombe, ambayo ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Mvua zinapoanza, machipukizi mapya hujitokeza ardhini. Mgema hukata ncha ya chipukizi changa, hutega chini yake mbeta, yaani chombo cha pingili ya mwanzi, kisha hurudi asubuhi na jioni kukinga utomvu na kuchonga upya jeraha ili lisizibe. Mvua zikikoma na machipukizi yakikomaa, msimu nao huisha.

Kwa mwanafunzi wa isimu, jina lenyewe ni hazina. Kiswahili kilidondosha sauti ya l katika maneno mengi ambamo lugha nyingi za bara zimeihifadhi: sisi husema njaa, wao njala, sisi husema kuzaa, wao kuzala. Kwa kanuni hiyo hiyo, mwanzi wa pwani na ulanzi wa Iringa ni ndugu wa shina moja. Ulanzi umeingia katika Kiswahili cha Tanzania pamoja na l yake ya kale, na hivyo Kiswahili leo kina shina hilo mara mbili: mara moja kwa jina la mmea, na mara ya pili kwa jina la kinywaji chake.

Linganisheni na majina ya vileo vilivyotoka ng'ambo. Mvinyo ulitufikia kutoka kwa Wareno, na divai kutoka kwa Wafaransa. Majina hayo yalikuja na meli na misheni. Ulanzi ulikuja kwa miguu kutoka mashambani, na pengine ndiyo sababu tumeuchunguza kidogo.

Saa za povu

Utomvu unapodondoka ni mtamu, nao haujawa na kileo. Hamira za asili huanza kazi mara moja; sukari hugeuka kuwa kileo na hewa ukaa, na hewa hiyo ndiyo inayoleta povu. Ulanzi mchanga na mtamu huitwa mtogwa, jina ambalo msikilizaji wa Kiswahili atalihusisha na togwa, kinywaji cha nafaka kisichokolea kileo. Ulanzi uliokomaa, ambao utamu wake umeliwa na hamira, huitwa mkangafu. Kati ya majina hayo mawili hakuna miaka wala miezi. Kuna saa tu. Kilichokuwa mtogwa asubuhi chaweza kuwa kimekaribia ukali wa bia kesho yake.

Wafaransa nao wana daraja zao. Shampeni yenye sukari isiyofikia gramu 12 kwa lita huitwa brut. Ile yenye zaidi ya gramu 50 huitwa doux. Lakini daraja hizo huandikwa kwenye lebo, na kizibo huzuia mabadiliko. Ulanzi hauna lebo. Lebo yake ni ulimi wa mwenyeji.

Hata hatari zake zinafanana. Katika maghala ya Champagne, chupa zilipasuka kwa wingi kutokana na msukumo wa hewa, hata wafanyakazi wakavaa vinyago vya chuma. Mwenye kubeba ulanzi katika dumu analijua jambo hilo bila kusoma historia ya Ufaransa: kifuniko hakikazwi, la sivyo dumu hufura.

Adabu ya nyumba

Katika nyumba nyingi za nyanda hizi mgeni hukaribishwa kwanza kwa salamu, kamwene kwa Wahehe na Wabena, kisha kwa kinywaji. Mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni ili kumwondolea hofu, halafu hutaja: huu ni mtogwa, au huu ni mkangafu. Tendo la pili lina uzito sawa na la kwanza. Mgeni mwenye safari, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye maradhi, kila mmoja huamua kwa kulisikia neno hilo.

Tukivuka kwenda Rungwe, mkoani Mbeya, tunakuta kinywaji tofauti lakini falsafa ya jirani. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alikiita kitabu chake cha mwaka 1951 Good Company, akiielezea dhana ya Wanyakyusa ya ukwangala: raha ya kukaa na wenzako kwa mazungumzo na kula na kunywa pamoja. Kwa mtazamo huo, anayekunywa peke yake hajaburudika.

Kutoka nyumbani hadi kilabuni

Chini ya utawala wa Waingereza, uuzaji wa pombe mijini uliwekewa leseni na kusogezwa katika vilabu. Baada ya uhuru, sheria ya vileo ya mwaka 1968 iliendelea kuzitenga pombe za kienyeji na vileo vingine. Kwa mtoza ushuru, jina hilo moja lilitosha. Kwa mnywaji halikutosha, kwa sababu liliweka mtogwa na mkangafu katika kapu moja. Na neno kienyeji, ambalo asili yake ni kwa mwenyeji, likaanza kusikika kama tusi.

Sisemi haya ili kuusifu ulevi. Msimu wa ulanzi ni msimu wa kulima, na familia nyingi zinajua gharama ya jembe lililoachwa shambani. Tena wahenga wa pwani walituonya: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini kijana asiyejua tofauti ya mtogwa na mkangafu halindwi na ujinga huo. Hunywa cha pili akidhani ni cha kwanza.

Hitimisho

Napendekeza kwa wanafunzi wa taasisi zetu kazi ndogo: nendeni wakati wa mvua, mkae na wagema wa Kilolo na Mufindi, mwandike majina ya hatua zote za ulanzi, ya vyombo vyake na ya matendo yake, pamoja na saa zinazotenganisha jina moja na jingine. Shampeni haitapungukiwa na waandishi. Mtogwa una maisha ya saa chache tu, na wazee wanaojua kuutaja nao hawatadumu.