Yatta: Bonde Lililobaki Juu

Ukitoka Kibwezi kuelekea Mutomo kwa matatu, unavuka Mto Athi halafu gari linaanza kupanda ukuta. Huo ndio Yatta. Juu ni tambarare kama meza, na haichukui muda unashuka tena upande wa pili. Tangu utotoni nimeupita nikienda kwa susu, nyanya yangu, na sikuwahi kujiuliza ulifikaje pale.

Nilikuja kujiuliza chuoni, nikisomea jiolojia. Mwaka wa tatu karo ilinishinda, nikarudi mtaani bila cheti. Desemba hiyo susu hakunipa pole. Alinyoosha kidole kwenye ule ukuta akasema, "Umesoma mawe miaka miwili. Hebu nisomee lile."

Basi nikamsomea.

Yatta ni lava iliyotiririka karibu kilomita 300, kutoka pande za Thika hadi ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki. Mwamba wenyewe unaitwa fonoliti, jina la Kigiriki lenye maana ya jiwe la sauti, kwa sababu kipande chake chembamba ukikigonga kinalia kama chuma.

Sasa, lava ni kama maji: hufuata pa chini. Ilikuwaje basi ikawa juu? Ni kwamba ilipotiririka ilifuata bonde la mto. Ikaganda humo. Mvua ya mamilioni ya miaka ikala ardhi ya kando iliyokuwa laini, lava ikakataa kuliwa. Vilima vikaisha, bonde likabaki juu.

Umri wake tunaujua kutokana na potasiamu iliyomo ndani. Sehemu ndogo ya potasiamu hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Lava ikiwa moto gesi hutoroka; ikiganda hunaswa. Ukipima gesi iliyonaswa unapata tarehe: miaka milioni 13.5 hivi.

Mwamba pia husema ulizaliwa katika hali gani. Pale bamba la bahari linapodidimia chini ya bara, kama Amerika Kusini, lava ya kawaida ni andesaiti, iliyopewa jina la milima ya Andes. Fonoliti, yenye sodiamu na potasiamu nyingi, ni ya ukoo mwingine. Mara nyingi huitokea pale bara linapopashwa moto kutoka chini, likavimba na kuanza kuchanika. Hiyo ndiyo Kenya.

Lakini kipi kilitangulia, kuvimba ama kuchanika? Mwaka wa 2010 mwanajiolojia Henry Wichura na wenzake walichapisha hesabu yao: lava nzito namna hii ilihitaji mteremko gani ili ifike mbali hivyo? Wakapata kwamba ilikoanzia palikuwa na mwinuko wa angalau mita 1,400. Nairobi ya leo iko mita 1,700 hivi. Kwa hivyo nyanda zetu zilikuwa zimeshainuka kabla Bonde la Ufa halijazama likawa hili tunalolijua. Ardhi iliinuka kwanza, ndipo ikapasuka. Hakukuwa na mtu wa kushuhudia, ila jiwe liliandika.

Susu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na ule mto wa zamani ulienda wapi?"

Nikamwambia bonde likijaa lava, maji hutafuta njia kando. Nikamwonyesha Athi, unaopita chini ya ukuta mpaka leo.

Akanyamaza kidogo. "Kumbe ulikuwa unasoma," akasema. Halafu akaniagiza nikirudi Pasaka nimsomee kile kilima cha nyuma ya kanisa, hicho chenye mawe yenye mistari.

Mawe hayo si lava, ni ya kale zaidi, na sikuwa nimefika hapo kabla ya kutoka chuoni. Tangu Januari nayasomea kwa simu, kwa bando za usiku.