Ngitili ya Filamu

Nimeletewa kabrasha la warsha ambamo mkusanyiko wa filamu za kale uliowekwa mtandaoni umeitwa "bohari tarakimu la picha jongefu". Bohari ni kule zinakotoka katoni za dripu na glavu. Tarakimu ni moja, mbili, tatu. Na hiyo "picha jongefu" mimi inanikumbusha jongoo tu.

Wenye staha zaidi husema "nyaraka za filamu". Waraka, huko Uarabuni ulikotoka, ni jani, kisha karatasi. Filamu si karatasi. Waingereza waliotupa neno hilo, kwao zamani lilikuwa utando, ngozi nyembamba kama ile inayoganda juu ya maziwa yaliyochemshwa. Nasi tuna utando wa buibui, na katika shina lilelile la kutanda ndimo ulimozaliwa mtandao. Filamu iliyo mtandaoni, basi, ni utando juu ya utando, na hapo tulikuwa na utajiri wa kuchezea kabla bohari halijafunguliwa.

"Hifadhi" nalikubali nusu. Lina heshima: aliyehifadhi Kurani anayo kifuani. Lakini Mtanzania akisikia hifadhi anaona tembo, geti na kiingilio. Tena neno hilo linasema kitu kimetunzwa, halisemi kimetunzwa kwa ajili ya nani wala kitaliwa lini.

Mimi napendekeza ngitili: inasema yote. Kwa asiyefika Shinyanga: mvua zikianza, Msukuma hufunga kipande cha malisho, ng'ombe wasiingie. Nyasi hukua, miti huchipua. Kiangazi kikikaza, kipande hicho hufunguliwa, mara nyingi sehemu baada ya sehemu. Ziko ngitili za kaya na ziko za kijiji. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati hujibu mbele ya dagashida, baraza la jadi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilizivuruga sana. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ukazifufua hadi zikapita hekta 300,000.

Sasa tazama katalogi ya filamu za kikoloni iliyofunguliwa mtandaoni mwaka 2010 na vyuo vya London vikishirikiana na Taasisi ya Filamu ya Uingereza na Makumbusho ya Vita. Imeorodhesha filamu zaidi ya 6,000. Za kutazama papo hapo zilikuwa kama 150. Hiyo ni ngitili kabisa: eneo kubwa limefungwa, upande mmoja umefunguliwa. Humo utakuta habari za jaribio la sinema za elimu lililofanyika Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937. Zilitengenezwa filamu 35, zikazungushwa kwa lori. Zilizosalia ni tatu: ya safura, ya wakulima wa Kingolwira na ya mafunzo ya utabibu wa mifugo. Hakukuwa na aliyefunga malisho.

Niliwasilisha neno langu kwa wajumbe wa warsha ile. Likarudi na wino mwekundu: "la kikabila". Wajumbe walioandika hivyo husema "ikulu" bila kigugumizi, neno la Wanyamwezi na Wasukuma. Hupanga nomino kwa "ngeli", neno la Wahaya. Na wengine wao hulipwa mshahara kwenye "kitivo", kilichoshuka kutoka milima ya Upare na Usambara. Bohari likapita bila kupingwa. Sikualikwa kikao kilichofuata, na sikuomba kualikwa.

Matumizi: ngitili hii, ngitili hizi, ngitili ya filamu, ya magazeti, ya redio. Yatosha.

Jambo linaloniuma zaidi liko Geita. Kwenye machimbo ya Katoro na Nyarugusu nilikaa katika vibanda umiza vya video, mbao nyembamba ikinikata mapaja, jenereta ikinguruma nyuma ya turubai. Shujaa wa Hong Kong alifungua mdomo, ikatoka sauti ya Mswahili aliyempachika jina la mtaani na kumsemesha mambo yasiyokuwemo kwenye filamu. Watu waliochafuka udongo mwekundu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tafsiri zile ni historia ya sinema yetu, na katika katalogi zote nilizofungua sijaikuta hata moja.

Ukiwa na mikanda ya banda la video, iwe Katoro au Maganzo, usiichome na usiigeuze kamba ya kufungia kuku. Irudishe mwanzo, isimamishe wima ndani ya sanduku, iweke mbali na joto la bati na unyevu, na uandike ubavuni jina la aliyetafsiri.