Dan Jansen: Bingwa aliyeisaka dhahabu kwa miaka 10

DAN Jansen, mwanamichezo wa Marekani wa mbio za kuteleza kwenye barafu, alishiriki Olimpiki ya Majira ya Baridi mara nne na kupata medali moja tu, tena katika mbio zake za mwisho.

Alizaliwa Juni 17, 1965 mjini West Allis, jimbo la Wisconsin. Katika michezo ya Sarajevo ya mwaka 1984 alishika nafasi ya nne katika meta 500.

Mwaka 1988, akiwa ndiyo kwanza ametwaa ubingwa wa dunia wa mbio fupi, alikwenda Calgary, Kanada, akipewa nafasi kubwa ya kushinda. Asubuhi ya Februari 14, siku ya meta 500, dada yake, Jane, alifariki dunia kwa saratani ya damu. Saa chache baadaye Jansen aliingia uwanjani, akaanguka kwenye kona ya kwanza. Siku nne baadaye alianguka tena katika meta 1,000.

Albertville, Ufaransa, mwaka 1992, aliambulia nafasi ya nne na ya 26.

Alifika Lillehammer, Norway, mwaka 1994 akiwa binadamu wa kwanza kumaliza meta 500 chini ya sekunde 36, lakini alipepesuka na kuwa wa nane. Zilibaki meta 1,000. Februari 18 alishinda kwa dakika 1 na sekunde 12.43, rekodi mpya ya dunia, kisha akauzunguka uwanja akiwa amempakata binti yake mchanga, aliyepewa jina la marehemu shangazi yake, Jane.

Alistaafu mwaka huohuo.