Rangi ya maua na uchavushaji wa popo

Maua ya popo ni maua yanayofunguka jioni au usiku na kupata chavua kutoka ua jingine kwa kubebwa na popo wanaokuja kunywa mbochi. Wataalamu wa mimea huuita uhusiano huu kiropterofilia. Duniani imeorodheshwa mimea ipatayo spishi 528, katika familia 67, inayotegemea popo kwa namna hii. Rangi za maua hayo hazifuati kanuni moja: mengine ni meupe, mengine ya kijani iliyofifia au manjano ya udongo, na mengine yana wekundu mzito unaokaribia weusi. Katika Mkoa wa Mara, Tanzania, mfano ulio wazi kuliko yote ni mvungunya (Kigelia africana), uitwao pia mwegea, na kwa Kijaluo yago. Mti huu huota kando ya mito ya Serengeti magharibi, ukiwemo Grumeti, unaomwaga maji yake katika Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria.

Mvungunya ni wa familia ya Bignoniaceae, familia moja na jakaranda na kibobakasi, na kuilinganisha miti hii mitatu kunafundisha mengi kuhusu rangi. Jakaranda ina maua ya zambarau isiyokoza ambayo nyuki huyaendea. Kibobakasi hubeba maua mekundu ya kung'aa juu ya kilele cha mti, na wageni wake wakuu ni ndege wa mchana. Ua la mvungunya nalo ni jekundu, lakini wekundu wake ni wa damu iliyoganda, wenye michirizi iliyofifia upande wa nje. Petali zake zimeungana kuwa kikombe kipana, kinene kama ngozi, chenye uwezo wa kumhimili mnyama anayening'inia. Maua hayako kati ya majani. Hushuka chini ya matawi kwa vikonyo virefu kama kamba, ambavyo vinaweza kuzidi mita moja, yakibaki wazi katika hewa mahali ambapo mnyama arukaye hawezi kunaswa na vijiti. Hufunguka giza linapoanza kuingia, hutoa harufu nzito isiyopendeza kwa pua ya binadamu, na kufikia asubuhi mengi yameshaanguka. Swala, tumbili na nyani huyaokota chini na kuyala.

Popo anapofika hulishika ua kwa kucha za miguu na za vidole gumba vya mabawa, kisha huzamisha kichwa ndani hadi kwenye mbochi. Stameni zimepangwa upande wa juu wa kikombe, hivyo chavua humpaka kichwani na mabegani. Stigma ina midomo miwili bapa ambayo hujifunga ikiguswa, na chavua iliyotua hubaki ndani. Asubuhi, ua lililoanguka huonesha mikwaruzo ya kucha kwenye petali, na ushahidi huo humtosha mtu asiyeweza kukesha chini ya mti. B. J. Harris na H. G. Baker waliueleza utaratibu huu nchini Ghana mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mti huu kwa kawaida huhitaji chavua ya mti mwingine ili utoe matunda. Mivungunya kwa desturi husimama mmojammoja, mbalimbali, hasa pale ambapo msitu wa kando ya mto ni mwembamba. Mdudu mdogo hawezi kwa urahisi kuiunganisha miti iliyotawanyika hivyo kwa usiku mmoja, bali popo anaweza. Tunda linalotokana na safari hiyo huwa na urefu wa sentimita 30 hadi 100 na uzito wa kilo kadhaa.

Popo wanaofanya kazi hii Afrika Mashariki wote ni wa familia ya Pteropodidae, wale wanaojulikana kama popo wala matunda. Wadogo wa jenasi Epomophorus hulala katika miti. Madume yao yana vishungi vyeupe mabegani na huita majike usiku kwa mlio unaorudiwarudiwa kama kengele. Rousettus aegyptiacus hulala mapangoni, na jenasi yake ndiyo ya kipekee katika familia hii kwa kuwa popo wake hupata njia gizani kwa mwangwi wa milio wanayoitoa kwa ulimi. Eidolon helvum ni mkubwa zaidi, mwenye mabawa yanayofikia sentimita 75 kutoka ncha hadi ncha. Hukaa kwa makundi makubwa mijini na hata kuhama nchi kwa nchi, na yumo katika orodha ya kimataifa ya wanyama wanaokaribia kuwa hatarini. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayeishi kwa mbochi peke yake. Popo wa Afrika aliyeumbika kwa ajili ya maua ni Megaloglossus woermanni, mwenye ulimi mrefu mwembamba, lakini makazi yake ni misitu mizito kutoka Afrika Magharibi kupitia Kongo hadi magharibi mwa Uganda. Katika nchi za savana kama Mara, ua la popo humtegemea mnyama ambaye chakula chake cha kawaida ni tunda, na hilo huonekana katika ukubwa wa ua na wingi wa kinywaji chake.

Swali la rangi huanzia kwenye jicho la mnyama huyu. Popo wala matunda wana macho makubwa yenye seli nyingi mno za rodi, zinazofanya kazi katika mwanga hafifu lakini haziwezi kutofautisha rangi. Seli za koni, ambazo ndizo za rangi, wanazo chache. Katika jenasi Rousettus, jeni inayotengeneza koni za mwanga wa buluu na urujuani imeharibika, hivyo imebaki aina moja tu ya koni, ilhali kutofautisha rangi huhitaji angalau mbili. Kwa popo huyo dunia ni ya mwanga na kivuli. Kwa sababu hiyo, kusema kwamba wekundu wa mvungunya upo ili kumvutia popo ni kosa, ingawa kauli hiyo hurudiwa mara nyingi.

Rodi huhisi zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 500, ambao kwetu ni kijani chenye ubuluu. Mwanga mwekundu hazihisi karibu kabisa. Kwa hiyo ua la mvungunya, kwa macho ya usiku, ni jeusi. Linaloonekana ni umbo lake likiwa limening'inia mbele ya anga, ambayo hata bila mwezi ina mwanga mwingi kuliko majani yaliyo nyuma ya mti. Vikonyo virefu vinaeleweka vizuri zaidi kwa njia hii kuliko kwa rangi yoyote. Wekundu huo mzito unaweza pia kuwa na faida ya upande wa pili: nyuki hana koni za mwanga mwekundu, naye huliona ua hilo kuwa jeusi, wakati ndege aitwaye chozi, mwenye aina nne za koni, huvutwa zaidi na wekundu unaong'aa. Rangi iliyozama hulificha ua kwa wageni wa mchana ambao wangekunywa mbochi iliyobaki bila kubeba chavua ipasavyo. Kinga hii si kamili, kwani nyuki na ndege huonekana wakiyafikia maua yaliyochelewa kuanguka asubuhi.

Mbuyu (Adansonia digitata) umefika mahali hapohapo kwa rangi iliyo kinyume. Ua lake ni jeupe, hufikia kipenyo cha sentimita 20, huning'inia kwenye kikonyo chini ya tawi na kufunguka jioni kwa muda mfupi hata mtu aliyesimama chini anaweza kuona petali zikijikunja kurudi nyuma. Weupe hurudisha karibu kila wimbi la mwanga, na kwa jicho la rodi ndiyo rangi iliyo rahisi kuliko zote kuonekana. Ua huishi chini ya saa 24, kisha hugeuka kahawia na kuanguka. Mwaka 1972 A. N. Start alichapisha katika jarida la wanyamapori la Afrika Mashariki taarifa ya Rousettus aegyptiacus akichavusha mbuyu. Miaka saba kabla yake, mwaka 1965, Coe na Isaac walikuwa wameandika katika jarida hilohilo kuhusu komba wakifanya kazi hiyo. Weupe una gharama yake, maana nondo wakubwa nao huuona. Kusini mwa Afrika, uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonesha kwamba popo hufika kwenye mbuyu kwa nadra sana na nondo ndio wanaoonekana zaidi. Mti ni uleule na rangi ni ileile, ila mchavushaji amebadilika kulingana na nchi.

Mkundi (Parkia filicoidea), mti wa misitu ya pwani na ya milima kama Usambara, hutumia njia ya tatu. Maua yake madogo hukusanyika kuwa donge la mviringo linaloning'inia kwenye kikonyo kirefu, na sehemu ya maua hayo haizai bali hutoa mbochi tu, ambayo popo huilamba huku kifua chake kikipakwa chavua. Kati ya jeupe la mbuyu, jekundu-jeusi la mvungunya na donge la mkundi, yanayofanana ni saa ya kufunguka, mahali pa kuning'inia, uimara, harufu, na mbochi nyingi nyepesi.

Nje ya Afrika hali si hiyohiyo. Katika Amerika ya kitropiki popo wa mbochi ni wa familia nyingine, Phyllostomidae, ambao walijifunza kunywa mbochi bila uhusiano wowote na wale wa kwetu. Mmoja wao, Glossophaga soricina, alithibitishwa mwaka 2003 kuwa anahisi mwanga wa urujuanimno. Popo hao hutumia pia mwangwi, na kuna mimea huko ambayo petali au majani yake yana umbo la bakuli linalorudisha sauti yao vizuri: Marcgravia evenia ya Kuba ina jani la namna hiyo juu ya maua yake. Harufu za salfa, ambazo ni za kawaida katika maua ya popo ya huko, huwaita kutoka mbali. Isipokuwa Rousettus, popo wala matunda wa Afrika hawana mwangwi, na hata yeye huutumia zaidi kwa kukwepa vizuizi pangoni. Kwao pua na jicho la rodi ndivyo viongozi.

Miongoni mwa mimea ya mashambani, migomba ina asili ya maua ya popo. Migomba ya mwituni ya Asia yenye mikungu inayoning'inia huchavushwa na popo, na mikungu hiyo ina magamba ya zambarau iliyokolea. Migomba inayolimwa huzaa ndizi bila kuchavushwa, lakini ua lake bado hutoa mbochi kila usiku, na popo huifuata. Mkonge (Agave sisalana) ulitoka Meksiko, ambako jamaa zake nyingi huchavushwa na popo, na maua yake ya kijani-manjano yaliyofifia juu ya mlingoti mrefu bado yana sura ya maua ya usiku. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza vimiche 1,000 kutoka Florida, na 62 tu vilifika Afrika Mashariki ya Kijerumani vikiwa hai. Mashamba ya mwanzo yalitokana na hivyo 62 bila mchango wa popo yeyote, kwa kuwa mkonge mara chache hutoa mbegu: baada ya maua kukauka, vimiche vipya huota palepale kwenye mlingoti na kuanguka chini vikiwa tayari kupandwa.