Faiwoli ndani ya seva: ulinzi wa mtandao kwa ofisi yenye seva moja

FAIWOLI ni mlinzi anayekaa kati ya mtandao wa ofisi na intaneti, akiamua mawasiliano yapi yapite na yapi yazuiwe. Kwa miaka mingi mlinzi huyo alikuwa kifaa cha pekee, tena cha bei kubwa. Siku hizi anaweza kuwekwa kama kompyuta pepe ndani ya seva ileile inayotunza kumbukumbu za ofisi.

Njia hiyo ilirahisika mwaka 2007, KVM ilipoingizwa katika kiini cha Linux, toleo la 2.6.20. KVM huifanya Linux kuwa haipavaiza, yaani programu inayoigawa seva moja kuwa kompyuta pepe kadhaa, ilimradi prosesa yake iwe na uwezo huo. Ndani yake huweza kusimikwa pfSense, iliyoanza mwaka 2004, au OPNsense, iliyochipuka kutoka kwayo mwaka 2015. Zote zina matoleo yasiyolipiwa.

Tuchukulie chama cha ushirika cha wakulima wa kakao katika kata ya Busale, wilayani Kyela. Seva yake ina majina, namba za simu na malipo ya wanachama, taarifa ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka zilindwe. Seva hiyo iwe na kadi mbili za mtandao, na kila kadi itengenezewe daraja lake ndani ya Linux: la nje kwa waya wa mtoa huduma ya intaneti, la ndani kwa swichi ya ofisi. Faiwoli pekee ndiyo iunganishwe na madaraja yote mawili. Kompyuta pepe yenye kumbukumbu iunganishwe na la ndani tu.

Jambo la kuangaliwa kuliko yote ni kwamba seva yenyewe isipewe anwani ya IP katika daraja la nje. Ikipewa, mvamizi ataifikia Linux bila kupita kwa mlinzi, na akiishika haipavaiza amezishika kompyuta zote zilizomo, faiwoli ikiwamo. Mlango umefungwa, lakini dirisha li wazi.

Aidha, pfSense ikitumia kadi pepe za aina ya virtio, ni vyema kuzima ukaguzi wa pakiti unaoachiwa kadi ya mtandao. Usipozimwa, dalili zake hukanganya: ping hujibiwa, lakini kurasa za intaneti hazifunguki.

Umeme ukikatika na kurudi, faiwoli ipangiwe kuwaka kabla ya kompyuta pepe nyingine. Isipowaka, fundi aliyeko Mbeya mjini hataweza kuingia kwa mbali, kwa kuwa njia yake hupita humohumo. Itabidi mtu aliyepo Busale aunganishe skrini na kibodi kwenye seva na kuiwasha kwa mkono wake.