Kwa nini magari ya mwezini hujaribiwa kwanza jangwani?

Fundi wa gereji za Gatsata, wilayani Gasabo jijini Kigali, hamrudishii mteja gari kwa kusikiliza injini tu likiwa limesimama. Hulitoa barabarani, akalipandisha kilima, akakanyaga breki kwenye mteremko na kusikiliza kama kuna kitu kinachogonga chini. Wahandisi wanaounda magari ya kwenda mwezini hufuata kanuni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba njia litakayopita gari lao iko umbali wa takriban kilomita 384,000, na likikwama huko hakuna wa kulisukuma. Kwa sababu hiyo hutafuta hapa duniani ardhi inayofanana na ya mwezini, na mara nyingi huipata jangwani.

Makala haya yanaeleza jinsi majaribio hayo yanavyofanyika, yanachofundisha, na yale yasiyoweza kufundishwa na jangwa lolote.

Jangwa linafanana vipi na mwezi?

Mwezini hakuna hewa ya kuvuta, hakuna mvua wala mmea. Uso wake umefunikwa na vumbi laini na vipande vya miamba iliyopondwa na vimondo kwa mabilioni ya miaka, na umejaa mashimo makubwa na madogo yaitwayo kreta. Jangwani nako ardhi ni kavu na tupu, mchanga huporomoka kwenye miteremko, na jua kali hutupa vivuli vizito.

Mambo matatu hupimwa hapo. La kwanza ni magurudumu: je, yanazama, yanazunguka bure mahali pamoja, au yanapanda? La pili ni kamera, kwa kuwa katika mandhari ya rangi moja, isiyo na mti wala nyumba ya kulinganishia, ni vigumu kujua kama jiwe lililo mbele ni dogo na liko karibu, au ni kubwa na liko mbali. La tatu ni waendeshaji wenyewe. Hao hukaa chumbani, wakiona kile tu kinacholetwa na kamera. Ishara ya redio huchukua zaidi kidogo ya sekunde moja kufika mwezini na muda kama huo kurudi, hivyo dereva huona shimo baada ya gari kulikaribia.

Funzo la Arizona

Mwaka 1967, wanajiolojia wa Marekani walichagua uwanja wa majivu meusi ya volkano karibu na mji wa Flagstaff, katika jimbo kavu la Arizona. Walifukia baruti na kulipua makumi ya mashimo, wakiiga picha za eneo halisi la mwezi zilizopigwa na vyombo vya angani. Hapo wanaanga wa mpango wa Apollo walijifunza kusoma ardhi, na baadaye kuendesha gari juu yake.

Gari lenyewe lililokwenda mwezini halikuweza kutumika katika mafunzo hayo. Lilikuwa na uzito wa kilo 210 hivi hapa duniani, na liliundwa jepesi kwa makusudi, kwa sababu nguvu ya uvutano ya mwezi ni takriban moja ya sita ya ile ya dunia. Lingebeba wanaanga wawili duniani, lingevunjika. Ikabidi liundwe gari jingine lenye nguvu zaidi kwa ajili ya mazoezi. Hapa ndipo mpaka wa kwanza wa jangwa unapoonekana: linaweza kuiga ardhi, lakini haliwezi kupunguza uzito.

Mpaka wa pili ni vumbi. Desemba 1972, katika safari ya Apollo 17, madigadi ya gurudumu moja yalivunjika na vumbi likaanza kuwamwagikia Eugene Cernan na Harrison Schmitt. Waliyatengeneza kwa ramani walizounganisha kwa utepe wa gundi. Vumbi la mwezi halijawahi kusuguliwa na upepo wala maji, kwa hiyo chembe zake zina ncha kali na hung'ang'ania kila kitu.

Majaribio katika Ghuba

Karibu zaidi nasi kuna mfano wa Oman, nchi yenye uhusiano wa karne nyingi na pwani ya Afrika Mashariki. Februari 2018, Jukwaa la Anga la Austria lilipiga kambi katika jangwa la Dhofar kwa zoezi la AMADEE-18. Zoezi hilo liliiga safari ya sayari ya Mirihi. Mawasiliano kati ya kambi na kituo cha Innsbruck, Austria, yalicheleweshwa kwa dakika 10 ili kila mmoja aonje ugumu wa kufanya kazi bila jibu la papo hapo.

Jirani zao wa Umoja wa Falme za Kiarabu walilenga mwezi wenyewe. Kituo cha Anga cha Mohammed bin Rashid kiliunda kigari kidogo cha kilo 10 hivi chenye magurudumu manne, kikakiita Rashid. Mwaka 2022 kigari cha mfano kilipelekwa katika jangwa la Dubai kujaribiwa mwendo, kamera na mawasiliano. Kwenye magurudumu ya Rashid wahandisi walibandika vipande vya malighafi mbalimbali ili kuona ni ipi inayonaswa zaidi na vumbi la mwezi. Swali hilo mchanga wa Dubai haungeweza kulijibu.

Rashid kilirushwa kutoka Florida tarehe 11 Desemba 2022, kikiwa ndani ya chombo cha kutua cha kampuni ya Kijapani ya ispace. Tarehe 25 Aprili 2023, dakika za mwisho za kushuka, mawasiliano yalikatika.

Uchunguzi wa kampuni hiyo ulieleza kilichotokea. Chombo kilipopita juu ya ukingo wa kreta wenye kimo cha kilomita 3 hivi, kipimo cha kimo kilibadilika ghafla. Programu ya kompyuta ikadhani kipimo kimeharibika, ikakipuuza. Chombo kikaamini kimefika chini ilhali bado kilikuwa kilomita 5 hivi juu, kikaendelea kushuka polepole hadi mafuta yakaisha, kikaanguka. Mahali pa kutua palikuwa pamebadilishwa baada ya usanifu wa chombo kukamilika, na majaribio ya kompyuta hayakuzingatia vya kutosha ardhi ya njia hiyo mpya.

Kwa hiyo kigari kilichofanyiwa mazoezi jangwani hakikupata hata nafasi ya kugusa vumbi la mwezi. Falme za Kiarabu zilitangaza mara moja kuwa zitaunda Rashid 2.

Na sisi je?

Siku mbili tu baada ya Rashid kurushwa, tarehe 13 Desemba 2022, Rwanda na Nigeria zilitia saini Makubaliano ya Artemis mjini Washington, zikiwa nchi za kwanza za Afrika kufanya hivyo. Makubaliano hayo yanahusu matumizi ya amani ya anga, kusaidiana wakati wa dharura na kugawana matokeo ya kisayansi. Hayailazimu nchi kupeleka gari mwezini.

Rwanda haina jangwa, lakini jangwa si uwanja pekee. Mwaka 2022, Kituo cha Anga cha Ujerumani kilijaribu roboti zake kwenye miteremko ya volkano ya Etna nchini Italia. Yale mabaka meusi tunayoyaona juu ya mwezi mpevu ni tambarare za mwamba wa lava iitwayo basalti. Aliyewahi kutembea juu ya mawe meusi ya Goma, chini ya Nyiragongo, amekanyaga lava vilevile, ingawa muundo wake haulingani kabisa na ule wa mwezini.

Basi msikilizaji anapopata habari kwamba gari fulani la mwezini limefaulu majaribio, inafaa aulize limejaribiwa katika lipi: magurudumu, kamera, vumbi, uzito, au namna ya kufika huko. Fundi wa Gatsata anajua kwamba gari lililojaribiwa kwenye lami tambarare bado halijajaribiwa kwa mwenye kuishi juu ya kilima.