Kitagata: mfalme aliondoka, jina lake likabaki majini

Wakaaji wa Masisi na Walikale waliokimbilia Uganda wanalijua jina Ankole. Nakivale, kambi inayopokea wakimbizi wengi wa Kivu ya Kaskazini, iko ndani ya nchi iliyokuwa ya ufalme huo. Lakini wachache wamefika Kitagata, wilaya ya Sheema, kwenye barabara ya Ishaka kwenda Kagamba.

Hapo kuna chemchemi mbili za maji ya moto, jirani kabisa. Mvuke unapanda, watu wamekaa kando ya maji, wengine wamejinyoosha juu ya mawe, wakikanda magoti na migongo. Joto linaweza kufika digrii 80 hivi pale maji yanapochomoka, kwa hiyo mgeni asitumbukize mguu kabla ya kuwauliza wenyeji. Jina lenyewe, katika Kinyankole, linatokana na neno la kupata joto.

Chemchemi moja inaitwa Ekyomugabe, yaani ya Mugabe. Mugabe ni mfalme wa Ankole, kama sisi tunavyosema Mwami. Wazee wanaeleza kwamba mfalme alikuwa akija kuoga hapo. Ya pili watu waliiita Mulago, jina la hospitali kubwa ya Kampala, kwa sababu wanaamini inaponya.

Mwaka 1967 serikali ya Obote ilifuta falme zote za Uganda, na Gasyonga wa Pili akapoteza kiti. Kuanzia mwaka 1993 Buganda, Bunyoro na Toro zilirudishiwa wafalme wao. Ankole haikurudishiwa. Leo hakuna Mugabe anayetambuliwa na serikali, lakini mama mkulima anayekuja na magoti yake bado anataja jina lake kila anapoonyesha mahali pa kuoga. Sheria ilifuta kiti, haikufuta jina la maji.

Na kwetu? Maji ya mvua huzama katika nyufa za Bonde la Ufa, hupata joto chini, kisha hurudi juu. Ufa huo ni mmoja, wa kwao na wa kwetu. Rutshuru tuna Mai ya Moto, kwenye barabara ya kwenda Rwindi, ndani ya hifadhi ya Virunga, ile ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1925 kwa jina la mfalme wao Albert. Jina la Albert liliondoka. Mai ya Moto likabaki, kwa kuwa wenyeji waliendelea kulisema.

Hapo ndipo penye hofu. Jina huishi mdomoni mwa watu wanaokaa karibu nalo. Wazee wetu wanaojua vijito, vilima na makaburi ya Bami wametawanywa na vita, na wengi watazikwa mbali. Ndugu msomaji, ukiwa na mzee nyumbani au kambini, keti naye leo. Muulize: maji ya kwenu yaliitwaje, na nani aliyaita hivyo? Kisha andika.